Kufunga kizazi kwa wanandoa wa Mwanza na kandokando ya Ziwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa baba na mama waliokwisha kukubaliana kwamba watoto walionao wanatosha, na sasa wamebaki na maswali ya nani afunge, lini, wapi, na kazi itasimama siku ngapi. Hauchukui nafasi ya mazungumzo na mtoa huduma. Unawasaidia mfike kliniki mkiwa mmeshayamaliza maneno ya kijiweni.

Kufunga kizazi ni kufanya nini hasa mwilini?

Ni kukata njia, basi. Kwa mama, mirija miwili inayopitisha yai kutoka kwenye ovari kwenda kwenye mji wa mimba hufungwa na kukatwa. Kwa baba, mirija miwili inayopandisha mbegu kutoka kwenye korodani hukatwa na kuzibwa. Mji wa mimba hautolewi, ovari hazitolewi, korodani hazitolewi. Mayai na mbegu ambazo hazina tena pa kupita hufyonzwa na mwili wenyewe. Hazirundikani, wala hazigeuki uvimbe.

Kati yetu wawili, nani afunge?

Kama wote ni wazima na wote wameridhia, kitabibu jibu ni baba. Upasuaji wake haufiki tumboni: ni tundu dogo kwenye ngozi ya mfuko wa korodani, sindano ya ganzi, dakika 15 hadi 20, halafu anavaa suruali na kuondoka kwa miguu yake. Wa mama unaingia ndani ya tumbo, na tumbo likifunguliwa kuna hatari, ingawa ni ndogo, ya kujeruhi utumbo, kibofu au mshipa wa damu. Tena baba anaweza kupimwa baadaye ikathibitika kwamba njia imefungika kweli. Mama hana kipimo rahisi cha namna hiyo.

Pamoja na hayo, Tanzania wanaume waliofunga hawafiki mmoja katika mia. Mama aliyezaa mara sita na kuchomwa sindano za uzazi wa mpango miaka yote ndiye anayerudishwa tena thieta, na mara nyingi sababu ni hofu ambazo zina majibu. Tumezijibu hapa chini.

Zipo hali ambazo mama kufunga ndiko kunakofaa. Mosi, anapokuwa tayari anafanyiwa upasuaji wa kujifungua. Pili, mimba nyingine ikiwa ni hatari kwa maisha yake: ugonjwa wa moyo, kifafa cha mimba kilichojirudia, makovu mengi kwenye mji wa mimba. Tatu, baba akiwa na tatizo la kimaumbile linalozuia. Na ipo ya nne: mama mwenyewe anataka kinga iwe ndani ya mwili wake, ndoa ikae au isikae. Hiyo nayo ni sababu halali, na haimpasi kuitetea mbele ya mtu.

Mwanaume aliyefunga si amehasiwa?

Hapana, na kwa wafugaji wa Usukumani tofauti inaeleweka haraka ikielezwa kwa vitendo. Koleo la kuhasia dume la ng'ombe hubana na kusaga kamba nzima inayoshikilia korodani, pamoja na mishipa ya damu iliyomo. Korodani ikikosa damu husinyaa, homoni ya kiume inakatika, na dume linakuwa maksai. Kwenye vasektomi, yaani kufunga kizazi kwa baba, mtoa huduma anatafuta ndani ya kamba hiyo mrija mmoja tu, mgumu, unaoteleza vidoleni, wenye unene wa milimita 2 hadi 3. Huo ndio unaokatwa. Mishipa ya damu inaachwa kama ilivyo.

Homoni ya kiume haipiti kwenye mrija wa mbegu. Inaingia moja kwa moja kwenye damu. Ndiyo maana ndevu, sauti, nguvu za kazi, hamu na kusimama kwa uume havibadiliki. Shahawa nazo zinatoka kama zamani, maana mbegu ni takriban asilimia 2 hadi 5 tu ya kinachotoka. Kilichobaki kinatengenezwa na tezi dume na vifuko vilivyo juu ya mahali pa kukatia. Kwa macho hakuna atakayeona tofauti.

Anayelalamika kwamba nguvu zimeisha baada ya kufunga, achunguzwe presha, kisukari na pombe, na aulizwe kwa upole kama alikubali mwenyewe au alisukumwa. Mwanaume aliyesukumwa huanza kujichungulia kila usiku, na hofu peke yake inatosha kumwangusha.

Upasuaji wa baba unafanyikaje?

Hahitaji kufunga kula. Aje ameoga, na nywele za sehemu za siri zipunguzwe kwa mkasi. Asinyoe kwa wembe, kwa sababu vijeraha vya wembe ni mlango wa vijidudu. Aje na chupi safi ya kubana. Boksa pana haitamsaidia. Chumba kisiwe cha baridi. Kiyoyozi kikiwa juu mfuko wa korodani hujikunja na mirija inakuwa shida kuishika, kwa hiyo anayeona baridi aseme tu kizimwe.

Ngozi inasafishwa kwa dawa, ganzi inachomwa, na hapo ndipo penye maumivu, ya sekunde chache. Koleo lenye ncha kali linatoboa na kupanua ngozi bila kisu. Mbinu hii ilianzia China mwaka 1974 kwa daktari Li Shunqiang. Mrija unavutwa nje kidogo kwa koleo lenye duara, unakatwa, ncha zinafungwa kwa uzi au kuunguzwa, kisha ncha moja inafunikwa kwa utando wake ili zisitazamane. Wa pili unatolewa kupitia tundu lile lile. Mara nyingi hakuna mshono.

Ulizeni mapema: "Mnafunika ncha moja kwa utando, au mnafunga uzi tu?" Kufunga uzi peke yake kunashindwa mara nyingi zaidi, kwa sababu ncha zikikaa karibu zinaweza kutafutana na kuungana tena.

Kwa nini baba aliyefunga asubiri miezi mitatu?

Kwa sababu siku ya upasuaji tayari kuna mbegu zilizokwisha kupita mahali palipokatwa. Zimekaa mbele, na zinaweza kutia mimba. Zinaisha polepole kadiri baba anavyomwaga. Katika miezi hiyo mitatu tumieni kondomu kila mara, au mama aendelee na njia yake: kama tarehe ya sindano imefika, achomwe. Mimba nyingi zinazomletea mama lawama za uzinzi zilitungwa hapa, katika wiki ambazo watu waliona "si ameshafunga".

Miezi mitatu ikitimia, pimeni shahawa. Chupa iwe safi, yenye mdomo mpana, ya maabara. Baba asitoe kwenye kondomu, maana mafuta na dawa za kondomu huharibu sampuli, na asitumie sabuni wala losheni. Sampuli ichunguzwe ndani ya saa 2, kwa hiyo anayetoka Ukerewe au Kome asiibebe kwenye mtumbwi. Aje aitoe hapo hapo hospitalini. Jibu mnalolitaka ni kwamba hakuna mbegu, au zimebaki chache sana zisizotembea. Zikionekana zinazotembea, endeleeni na kondomu na mrudie kipimo. Zikiendelea kuonekana kwa miezi, upasuaji unarudiwa.

Pasipo na kipimo, kuhesabu miezi mitatu kamili ni bora kuliko kukisia, lakini tofauti ipo: baba asipopimwa, mimba 2 hadi 3 hutokea kwa kila wanandoa 100 katika mwaka wa kwanza. Akipimwa na kuthibitishwa, hazifiki moja.

Mama anafungwa lini, na vipi?

Wakati wowote ikiwa kuna uhakika hana mimba. Rahisi zaidi ni ndani ya siku 7 tangu hedhi ianze. Aliyejifungua anaweza kufungwa ndani ya siku 7, ama asubiri wiki 6 zitimie. Katikati ya hapo mji wa mimba bado unajirudi na hatari ya matatizo inaongezeka, kwa hiyo akija wiki ya tatu atapangiwa tarehe nyingine na kupewa njia ya muda.

Upasuaji mdogo wa tumbo, ambao ndio wa kawaida hospitali zetu na kwenye huduma mkoba (timu za afya zinazozunguka vituoni), ni chale ya sentimita 2 hadi 5. Aliyejifungua juzi anachanwa chini kidogo ya kitovu, kwa sababu mji wa mimba bado uko juu. Mwingine anachanwa juu ya mstari wa nywele za siri. Mama yuko macho: anapewa dawa ya kumtuliza na ganzi ya mahali pale. Atahisi kuvutwavutwa tumboni, jambo la kawaida. Akihisi maumivu makali aseme, aongezewe dawa. Kila mrija unavutwa hadi kwenye chale, na hapa ndipo umakini unapohitajika: mtoa huduma aufuate hadi mwisho wake wenye vijidole, ahakikishe ni mrija kweli. Kano la mji wa mimba lipo karibu na linafanana nao, na likifungwa kwa makosa mama atabeba mimba akiamini amefunga. Kisha mrija unakunjwa, unafungwa kwa uzi unaoyeyuka, na mkunjo unakatwa. Yote huchukua nusu saa hivi, na mama anarudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Nikifanyiwa upasuaji wa kujifungua, wanifunge hapo hapo?

Ndiyo, inawezekana, na chale ni ile ile moja. Lakini uamuzi ufanyike kliniki ya wajawazito, uandikwe kwenye kadi, na fomu isainiwe kabla ya uchungu. Mtu aliye kwenye uchungu, au aliyeambiwa mtoto hali si nzuri, hapaswi kupewa fomu ya kufunga kizazi. Mtoto akizaliwa mgonjwa, ahirisheni. Unaweza pia kuuliza kama wanaweza kuondoa mirija yote badala ya kukata kipande, kwa kuwa kuiondoa kunapunguza hatari ya saratani ya ovari.

Hedhi itakuwaje?

Kufunga mirija hakubadilishi hedhi. Kinachowachanganya wengi ni hiki: mama alikuwa kwenye sindano miaka minne, hedhi ikakatika au ikawa matone tu. Amefunga, ameacha sindano, hedhi yake ya asili imerudi na maumivu yake. Mirija inalaumiwa bure. Hakomi hedhi mapema, hanenepi kwa sababu ya kufunga, na hamu haipungui.

Nani ambaye ataambiwa asubiri kwanza?

Kwa mama: mwenye mimba, mwenye maambukizi ya nyonga au ugonjwa wa zinaa ambao haujatibiwa, mwenye homa au malaria kali, mwenye damu chini ya gramu 7. Damu ya gramu 7 hadi 10, presha, kisukari, na seli mundu, ambayo Kanda ya Ziwa ni nyingi, havimzuii, ila afanyiwe hospitali yenye daktari na vifaa kamili. Mama mwenye seli mundu aseme mapema, asingoje kuulizwa.

Kwa baba: jipu au maambukizi kwenye korodani, homa, ugonjwa wa zinaa. Mwenye busha, ngiri, au korodani moja isiyoshuka apelekwe kwa mpasuaji mzoefu, ambaye mara nyingine hutibu yote siku moja.

Kuwa na virusi vya Ukimwi hakumzuii yeyote. Ila aliye dhaifu kwa magonjwa nyemelezi atibiwe kwanza.

Mama ajiandae vipi?

Asile kwa saa 8 kabla. Maji matupu anaweza kunywa hadi zibaki saa 2 kabla ya upasuaji, kama hospitali haijasema vingine. Anayetumia dawa za kila siku aulize ipi anywe na ipi aache. Avae gauni pana, avue hereni, cheni na shanga za kiunoni, na afute rangi ya kucha, kwa sababu kucha zinaangaliwa kujua kama hewa inafika vizuri kwenye damu. Aje na mtu wa kumrudisha. Dawa ya kutuliza inalegeza kwa saa kadhaa, na mtu wa namna hiyo hapandi bodaboda peke yake.

Kazi ya ziwani na sokoni isimame siku ngapi?

Wote wawili: siku 2 za kupumzika kabisa, na wiki moja bila kazi nzito. Kazi nzito ni pamoja na ndoo ya maji ya lita 20, beseni la dagaa mabichi, kuvuta nyavu, kusukuma mtumbwi na kubeba magunia mwaloni. Wanaopuuza ni wengi, na matokeo yake yanajulikana: kwa mama chale inafunguka, kwa baba damu inavilia na mfuko unavimba.

Wavuvi wa dagaa wana nafasi nzuri ya kupanga. Mbalamwezi inapokuwa kali dagaa hawavuliki vizuri kwa taa na wengi hukaa nchi kavu. Baba akipanga tarehe mwanzoni mwa siku hizo, wiki yake ya kupona haitamgharimu mapato. Wa sangara na wa mabwawa hawana bahati hiyo. Wapange na wenzao wa chomboni.

Kidonda kisiingie ziwani kwa wiki nzima. Maji ya ziwa yana vijidudu, na kwenye fukwe nyingi kuna kichocho pia. Kwa siku 2 au 3 za mwanzo jipanguseni kwa kitambaa, kidonda kibaki kikavu. Msipake majivu, mafuta wala dawa ya miti.

Baba aweke kitambaa cha baridi juu ya chupi kwa saa 4 za kwanza, avae chupi ya kubana siku 2 au 3, na asipande baiskeli wiki hiyo. Maumivu yatulizwe kwa panadol. Aspirini isitumike kwa sababu inachelewesha damu kuganda. Tendo la ndoa: baba baada ya siku 2 au 3 kama haumii, kwa kondomu, mama baada ya wiki moja. Mama arudi kuangaliwa kidonda ndani ya siku 7 hadi 14.

Mnaotoka visiwani, laleni mjini kwa ndugu walau usiku mmoja. Tatizo likijitokeza saa nne usiku na chombo cha kwanza ni kesho, umbali ndio utakaoamua.

Dalili zipi zinatufanya turudi haraka?

Homa zaidi ya nyuzi 38, usaha, damu isiyokoma, chale iliyofunguka, uvimbe wa korodani unaoendelea kukua, au maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua. Kwa mama: kuzimia au kizunguzungu kikali.

Baba mmoja au wawili kati ya 100 hupata damu kuvilia au maambukizi, na karibu idadi hiyo hubaki na maumivu ya korodani ya muda mrefu. Yanatibika kwa wengi, ila mjue kabla.

Inaweza kushindwa miaka mingi baadaye?

Inaweza. Kwa mama, mimba hazifiki 1 kwa wanawake 100 mwaka wa kwanza, na kwa miaka 10 ni karibu 2 kwa 100. Tatizo si wingi wake. Mimba inayotokea kwa mama aliyefunga ina uwezekano mkubwa wa kutunga kwenye mrija, na mrija ukipasuka damu inamwagika tumboni. Kwa hiyo mama aliyefunga akikosa hedhi, akaumwa upande mmoja wa tumbo chini, akatokwa na matone ya damu, aende hospitali siku hiyo na aanze kwa kusema: "Nilifungwa kizazi." Asiache kusema kwa kudhani haihusiki.

Tukibadili mawazo, itafunguliwa?

Chukulieni kwamba haifunguliwi. Upasuaji wa kuunganisha upo, ila ni mgumu, ghali, wenye wataalamu wachache, na hauna hakika ya mtoto. Utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuatilia wanawake kwa miaka 14 ulikuta waliofunga wakiwa na miaka 30 au chini walijuta kwa takriban asilimia 20, na waliovuka 30 asilimia 6. Kwa hiyo muulizwapo "je, mtoto akifariki? Je, mkiachana?" msiudhike.

Mume asiposaini, mama anaweza kufunga? Na mke asipojua?

Kitabibu sahihi inayohitajika ni ya anayefanyiwa, akiwa na akili timamu na bila kulazimishwa na mtu, awe mwenza, mama mkwe au mtoa huduma. Kukubaliana ni bora, na tunalisisitiza. Lakini mtu asinyimwe huduma kwa sababu mwenzake hakuja, na asifungwe kwa sababu mwenzake amemsainia.

Baba ana wake wawili. Inakuwaje?

Baba akifunga, nyumba zote mbili zimefunga. Bi mdogo ambaye bado anataka mtoto anahusika moja kwa moja, na kumficha ni kumwibia. Hapo mara nyingi inafaa mama aliyemaliza uzazi ndiye afunge, au atumie kitanzi.

Inakinga Ukimwi?

Hapana, hata kidogo. Anayesafiri kambi hadi kambi, au mwenye mwenza mwingine, kondomu inabaki palepale.

Tunaanzia wapi, na ni bei gani?

Anzeni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, chumba cha uzazi wa mpango. Zahanati haifungi kizazi, ila inatoa ushauri na rufaa. Upasuaji unafanyika hospitalini: mjini Mwanza zipo Sekou Toure na Bugando, na wilayani ni hospitali za wilaya. Timu za huduma mkoba, zikiwemo za Marie Stopes, hutangazwa kupitia zahanati na wahudumu wa afya wa jamii. Pigeni simu kwanza muulize siku ya huduma na kama kuna mtaalamu wa vasektomi, maana si kila hospitali anakuwepo. Kwenye vituo vya serikali uzazi wa mpango hautozwi. Andaeni nauli, chakula, na akiba ya wiki moja bila kazi.

Mmoja wetu bado anasita. Tufanye nini?

Msifunge. Kitanzi cha shaba kinakaa miaka 10 na zaidi, na kikiwekwa mama akiwa na miaka 40 au zaidi kinaweza kubaki hadi hedhi ikome. Vijiti vya mkononi ni miaka 3 hadi 5 kutegemea aina. Kwa ufanisi vinakaribiana na kufunga kizazi, na vinatolewa siku mnayotaka. Kusita kunaruhusiwa hata mkiwa mmeshasaini, hata mkiwa mmelala kitandani mnasubiri ganzi: semeni tu, na kabla ya kuondoka ombeni mpewe njia nyingine siku hiyo hiyo.